Ng'ombe Wasiohama

Kwetu ng'ombe aliyekufa amekufa. Ofisini Garsen nilikuta mambo mengine.

Ulikuwa wakati wa ukame, nasi tulikuwa tukifuatilia ng'ombe wa wafugaji, kila mmoja amefungwa shingoni kifaa kinachotuma mahali alipo. Ng'ombe akifa, mfugaji humvua kifaa na mstari wake wa namba kwenye kompyuta unaishia hapo. Kwa hiyo kulikuwa na mistari mirefu na mifupi. Mimi, mwandishi wa programu, nilitaka kila ng'ombe abaki na urefu wa mstari wake: namba zote zifuatane, na pembeni tuandike kila mmoja anaanzia wapi na anaishia wapi. Mkubwa wangu, mtu wa Nairobi, mpole mpaka anakera, alisema huko ni kujitafutia kazi.

"Dada, jedwali linataka mistari iwe sawa. Ule mfupi unaujaza tu."

"Naujaza na nini?"

"Na mahali pa mwisho alipokuwa."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kisha nikashikwa na malaria, na niliporudi kazini alikuwa ameshaijaza mistari mifupi mwenyewe.

Ramani aliyoitoa kwenye jedwali hilo ilipendeza, sikatai. Mahali ng'ombe wanapokaa sana panakuwa pekundu, yaani pana malisho, na upande wa Nanighi ulikuwa mwekundu kuliko kote. Wale hawakuwa wakila nyasi. Walikuwa wamekufa, na jedwali limewasimamisha pale pale wiki baada ya wiki. Na ujumbe wa ofisi yetu ulikuwa umeshafika kwenye simu za wafugaji: pelekeni mifugo Nanighi.

Kaka yangu, mfugaji, naye alikuwa na simu. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe wachache, wote wamevaa vifaa vyetu, na watoto wake walikuwa wakitegemea maziwa yao. Nilimpigia kutwa nzima bila kumpata. Nilimchukia mkubwa wangu siku ile, na upole wake nikauchukia zaidi. Kaka alipopatikana kesho yake, aliongea Kiorma chetu, polepole sana.

"Dada yangu, nyasi ziko wapi? Hapa ni mifupa."

"Rudi, kaka."

"Nirudi nao vipi? Wamelala. Nawainua kwa mkia, hawasimami."

Akasema simu ndiyo iliyomwambia. Hakusema ni mimi. Afadhali angenitukana.

Nilimtafsiria mkubwa wangu yote, akasogea kando, akaniachia kompyuta. Nilihifadhi kila ng'ombe kwa urefu wa mstari wake, na wekundu wa Nanighi ukafutika. Halafu nikawatafuta ng'ombe wa kaka yangu. Mistari yao ilikuwa imekatika mmoja baada ya mwingine, yote mahali pamoja. Mmoja tu ndio uliokuwa ukiendelea, kutoka hapo hapo, bila kusogea. Ng'ombe huyo naye alikuwa amekufa; kaka yangu alikuwa hajamvua kifaa.