Bi Mwanasiti, kaburi la mumewe na magazeti mawili ya Wazungu

Wakuu, nina miaka tisini na ushei, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu.

Nawaona humu mnabishana gazeti gani la nje linasema kweli kuhusu bandari na reli zetu. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani Tanga, nakaa Nguvumali. Mwingereza alikuwa anajenga barabara ya kutuunganisha na Kenya. Mimi nikapewa kazi ya kuwatafsiria waandishi wa habari.

Wa kwanza alitoka London. Kofia kubwa, daftari dogo.

Kwenye kijiji kimoja cha Wadigo, njia ya Horohoro, tukamkuta mjane, Bi Mwanasiti, kasimama kwenye kaburi la mumewe. Vigingi vya barabara vilipita juu ya kaburi hilo.

Akaeleza kwa adabu na kwa kirefu. Hakatai barabara, anaomba ipindishwe kidogo tu. Nikatafsiri neno kwa neno.

Bwana mkubwa akaandika mstari mmoja. Akampiga picha mama kainua mkono kuonyesha kaburi, akaondoka.

Wiki ya pili akaja mwingine, wa taifa lisilopatana na Mwingereza. Mama wa watu akarudia yale yale. Huyu hakuandika kitu. Akaniuliza watu wanachapwa viboko vingapi. Nikamwambia sijaona viboko. Akanuna.

Baada ya miezi magazeti yakafika ofisini. La kwanza: mwanamke aibariki barabara. La pili: mtumwa aulilia mkate.

Mkate, wakuu. Udigoni, kwenye muhogo.

Habari za magazeti hayo zilishafika kijijini, watu wakaanza kunong'ona kwamba mimi ndiye niliyepotosha maneno yake. Nikayabeba yote mawili, nikaenda kumsomea. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kaburi wamelitaja?"

"Hawakulitaja, mama."

"Na jina langu?"

"Halimo."

"Basi kosa si lako, mwanangu. Kalamu unayo, niandikie wewe."

Nikamwandikia barua kwa mhandisi, akatia dole gumba. Haikujibiwa. Ijumaa moja baada ya swala, wanaume tukamhamisha marehemu kwa mikono yetu. Yeye alikaa barazani, hakulia. Wiki ile ile greda likapita.

Nilichojifunza: anayekusifu na anayekulilia, wote wawili wanaweza kuwa hawana habari na wewe. Wamekuja na habari yao mfukoni, wanatafuta picha tu.

Haya, bishaneni. Ila ukinibandikia gazeti la mtu hapa chini, nionyeshe kwanza ni mwenyeji gani kaulizwa, na alisema nini.