Masikio ya Kuazima

Bei ilikuwa imekatwa zaidi ya nusu, na chini yake kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, ikinitisha kwamba Jumapili punguzo linakwisha. Saa za namna hiyo hunikera. Marehemu baba alikuwa dalali wa mbuzi hapa Isiolo, na aliniambia tangu nikiwa mdogo kwamba ukiona muuzaji ana haraka, shika mbuzi wake kifuani usikie kama anakohoa. Lakini baba alikuwa na mbuzi wa kushika. Mimi nilikuwa na kompyuta, na kitu nilichokuwa nauziwa kilikuwa mkusanyiko wa sauti za arpejieta.

Kwa asiyeijua, arpejieta ni mtambo unaokaa ndani ya kompyuta ya muziki. Unabonyeza noti tatu nne kwa pamoja, nao unazitoa moja moja, haraka haraka, zikipanda na kushuka bila kuchoka. Vijana wa mjini wanazipenda sana sauti hizo. Siku hizi wimbo wa harusi ambao hauna noti zinazokimbia nyuma ya mwimbaji unaitwa wa kizamani, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa hivyo usoni, sembuse yaliyosemwa mgongoni. Studio yangu iko Chechelesi, chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Humo natengeneza nyimbo za harusi, za kwaya, na za wanasiasa msimu wa kura ukifika. Watoto wangu wanasomeshwa na chumba hicho. Kwa hiyo nilikuwa naangalia ile bei kwa makini, maana pesa zenyewe nilikuwa nimezitenga kwa ajili ya betri, stima yetu ikiwa ya kukatika kama mnavyoijua.

Shida ni kwamba siwezi kuamua peke yangu kama sauti ni nzuri.

Nimekaa miaka mingi katikati ya spika na jenereta, kwenye harusi na mikutano, na sauti nyembamba za juu zimenitoka. Mbu hunijulisha amekuja kwa kuniuma. Nilipoanza kushuku nilienda kliniki huko Meru, dada mmoja akanivisha visikizi na kuniambia niinue mkono kila nikisikia mlio. Nikawa namwangalia bega. Likisogea anapobonyeza, nainua mkono. Tuliendelea vizuri hivyo mpaka akanigeuza nitazame ukuta, na hapo mkono wangu ukabaki gotini. Nilitoka pale nimenyong'onyea. Fundi wa muziki asiyesikia vizuri hana cha kujitetea. Mteja akijua tu, ataenda kwingine kabla chai yake haijapoa.

Sikumwambia mke wangu. Sikumwambia hata dada yangu. Nilimwambia mtu mmoja, rafiki yangu Mmeru ambaye tulisoma darasa moja na kununua kinanda chetu cha kwanza kwa kuchangishana, kikilala kwao wiki moja na kwetu wiki nyingine. Yeye aliacha muziki mapema akafungua duka la simu na spika karibu na barabara kuu, lakini masikio yake yalikuwa makali kunishinda hata enzi zile. Siku nilipomweleza alifunga duka mchana kweupe, akaketi juu ya boksi la spika, akalia kuliko mimi.

"Wewe fanya kazi yako," akaniambia. "Masikio utatumia yangu."

Siku hiyo nilimsimulia habari ya baba na mzee mmoja wa Garbatulla ambaye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Mzee huyo akija sokoni kununua mbuzi humwomba baba amtazamie, na baba humtazamia meno, kwato na chini ya mkia, na kumwambia kila kilema anachokiona, hata kama mbuzi ni wale wale anaowauza yeye kama dalali. Na biashara hiyo ikipita, baba hachukui chochote, si kwa mzee wala kwa mwenye mbuzi. Alikuwa akisema, "Nikiazimwa macho, siko kazini." Rafiki yangu aliitikia kwa kichwa. Nilidhani tumeelewana.

Tangu hapo kila wimbo nilioumaliza ulipita kwake kabla ya kwenda kwa mwenyewe. Nautuma kwa simu, nangoja. Mwanzoni alikuwa ananirudishia maneno marefu: punguza kayamba, sauti ya bibi harusi inachoma, kuna kitu kinafoka dakika ya pili. Baadaye maneno yakapungua. Mwishowe yakabaki mawili: "Iko sawa." Nami niliyapokea kwa furaha, nikajipongeza kwamba mkono wangu umekomaa.

Basi hata ule mkusanyiko wa arpejieta, yeye ndiye aliyenitumia linki yake. "Hii ndiyo dawa yako," aliandika. "Bei imeanguka. Chukua kabla haijapanda." Nikampigia simu.

"Umeiskiza?"

"Nimeskiza yote. Ni safi, haina kelele. Nunua tu."

Nilipakua zile sauti chache wanazokupa bure za kujaribu. Kwa sehemu ninayoisikia zilikuwa tamu, nakiri. Nilibonyeza noti tatu, zikaanza kukimbia, na mimi peke yangu chumbani nikatabasamu. Bado nilisita, kwa sababu ya betri na kwa sababu ya ile saa, lakini nilikuwa nimeshaingiza nusu ya tarakimu za kulipia, ndipo dada yangu mkubwa akagonga mlango.

Dada anakaa Ngaremara na huja mjini kununua bidhaa za kioski chake. Akichoka hupita kwangu kupumzisha miguu. Mama yetu alikuwa Mturkana na baba Mborana, Kiswahili ndicho kilichowapatanisha, kwa hiyo sisi tunagombana kwa Kiswahili. Aliweka mizigo, akavua viatu, akaketi. Hakumaliza hata pumzi mbili.

"Zima hiyo kitu."

"Kitu gani?"

"Hiyo inalia kama mbu. Inaingia mpaka kwa meno. Kwani husikii?"

"Nasikia," nikasema.

Nilizima. Uso wake ukalegea. Nikawasha, ukakunjamana. Nikabadilisha sauti, ya pili, ya tatu, kinanda, filimbi, nyuzi, na kila nikibadilisha namtazama uso, vile vile nilivyokuwa namtazama yule dada wa kliniki bega.

"Na hii?"

"Iko nayo."

"Hii je?"

"Zote ziko nayo. Nani amekuuzia hii takataka?"

"Sijanunua bado."

"Basi Mungu anakupenda." Kisha akaniangalia muda kidogo, na dada yangu si mtu wa kudanganywa. "Wewe, tangu lini husikii?"

Nikamweleza yote: jenereta, kliniki, rafiki yangu na masikio yake. Nilitegemea anihurumie. Alikasirika.

"Ukaambia mtu wa duka, mimi ukaniacha? Mimi nilikubeba mgongoni!"

Alivaa viatu, akabeba mizigo yake, akaondoka bila kunywa chai. Alikuwa na haki. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya kufikiria uchungu wake, kwa sababu nilikuwa nimerudi kuitazama ile linki, safari hii mpaka mwisho wake. Kwenye mkia wake kulikuwa na jina la duka la rafiki yangu.

Sisi wa kazi hii tunazijua linki za namna hiyo. Ukinunua kupitia kwake, aliyekutumia anapewa kidogo. Nilikuwa nimeuona mkia huo nisiutilie maanani, maana nani anakagua mfuko wa rafiki yake? Sasa niliukagua herufi kwa herufi. Hata hivyo, nilijitahidi kumtetea. Nilijiambia labda yeye pia masikio yamezeeka. Labda alisikia akaona si kitu. Nilimtetea kweli kweli, mpaka nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele yangu muda wote.

Majibu yake yalikuwa yanakuja upesi mno. Natuma wimbo, naweka simu mezani, na kabla mtu hajafika kwenye kibwagizo, simu inalia: iko sawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimsifu kwa hilo. Nilikuwa nikisema mpishi hahitaji kumaliza sufuria ili ajue chumvi.

Nilifunga studio nikaenda kwake kwa miguu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu nilijua nitakachouliza.

"Salaam aleikum, fundi!" akaniamkia, kama kawaida yake, ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Alikuwa anapanga makava ya simu ukutani.

"Wa aleikum salaam. Ile kitu ulinitumia iko na kelele huko juu. Dada yangu amesikia."

"Kelele gani?"

"Uliiskiza?"

Alitundika kava moja, akalitundua, akalitundika tena. "Niliskiza kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Sasa wewe unaona hii duka. Watu wanaingia, watu wanatoka. Niliona vile watu wameisifu huko kwa mtandao, nikajua ni nzuri."

"Na jina ya duka yako iko kwa linki."

"Aa, hiyo!" Alicheka, wala hakuona haya. "Hiyo ni ya soda tu. Kila mtu anafanya. Na wewe hupotezi kitu, bei ni ile ile."

Hapo alisema kweli, na ukweli huo ulinichoma kuliko kama angekuwa ameniibia. Angeniambia tu, "Pitia kwangu nipate ya soda," ningepitia, na ningempa na ya mandazi juu yake. Niliazima masikio yake, si mdomo wake. Nilitaka kumkumbusha mzee wa Garbatulla, lakini nikauliza kwanza lile lililonileta.

"Na nyimbo zangu, ulikuwa unaskiza?"

Aliacha kupanga makava. Kisha akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa zawadi: "Mwanzo nilikuwa naskiza zote. Haki ya Mungu. Lakini wewe ni fundi, hujawahi haribu. Nikaona kuskiza kila saa ni kama nakutilia shaka."

Nyimbo zilinipita kichwani: ya harusi ile ya Chechelesi ambayo bibi harusi alinishukuru kwa machozi, za kwaya zinazopigwa kila Jumapili, zote zimetoka mikononi mwangu zikiwa na baraka yake. Sikujua hata moja kati yake inasikikaje kwa mtu mwenye masikio mazima. Pengine ni nzuri. Pengine watu wamekuwa wakikunja nyuso kama dada yangu, wakinionea huruma.

"Hata ule wa mama?"

Mama yetu alipofariki nilimtengenezea wimbo wa kupigwa siku ya mazishi. Niliumaliza macho yamevimba, nikamtumia auhakiki, kwa kuwa siku ile zaidi ya siku zote sikutaka kumwaibisha mama mbele ya watu. Alinijibu, "Iko sawa. Nimelia." Nililihifadhi jibu lile moyoni. Wakati wa msiba nilikuwa nikilikumbuka napata nguvu.

Sasa aliangalia barabarani. "Hiyo wiki nilikuwa na mambo mingi," akasema.

Sikumtukana. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana njia nzima, nina maneno ya lugha tatu, na yote yalinikimbia. Nilisimama tu pale kama mteja aliyesahau alichokuja kununua. Aliniumiza, na alikuwa haoni kwamba ameniumiza, na sikuwa na namna ya kumwonyesha.

Yeye aliegemea meza, akashusha sauti kidogo.

"Lakini ulinunua, ama?"

Nilimtazama. Alikuwa anauliza kweli.

"Nimenunua," nikamwambia. Ulikuwa uongo. Sijui kwa nini niliusema. Nadhani nilitaka kuona kitakachotokea.

Uso wake ukafunguka. Akanipiga bega, akanipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili. "Poa sana! Hapo umefanya kitu ya maana. Iko sawa hiyo, utaona."

Kwa miaka yote majibu yake yalikuwa yananifikia kwa simu, kwa hiyo sikuwahi kuuona uso anaokuwa nao anapoyatoa. Ulikuwa uso wenye furaha, wa mtu anayekutakia mema kabisa, na macho yake yalikuwa yameshanipita, yanamtazama mteja aliyekuwa anaingia nyuma yangu.