Shavu la Koleo

Nitaandika habari za shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na niseme mapema kwamba simpendi. Asiyependa kusikia jamaa akimsema jamaa yake, aishie hapa.

Watu wanamwita Koleo. Jina hilo alilipata ujanani, siku alipomng'oa jirani jino kwa koleo la kazini. Lilitoka zima, na mizizi yake. Jirani alipoondoa kitambaa mdomoni akagundua kwamba jino bovu bado lipo, limeng'oka la pembeni yake. Koleo hakuomba radhi. Alisema, "Hilo nalo lingekuuma siku moja." Mpaka leo ndivyo alivyo. Akikukosea, anakueleza faida ya kukosewa.

Yeye ndiye aliyeniingiza katika karakana ya makochi, miaka kumi na tisa iliyopita, nilipomwoa dada yake. Sikosi kukumbushwa. Nikikosea mshono, "Nilimleta mimi huyu." Nikipatia, "Nilimleta mimi huyu." Kazi yetu mimi na yeye ni kuvalisha makochi: kuvuta kitambaa juu ya fremu na kukipigilia kwa misumari midogo yenye vichwa bapa. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili umeshika nyundo yenye sumaku, kwa hiyo misumari inakaa mdomoni. Unaibana shavuni, ulimi unausukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo, kichwa kikiwa mbele, nyundo inaudaka. Koleo ndiye aliyenifundisha. "Ulimi ni mkono wa tatu," aliniambia. Mimi mtu wa haya niliifurahia kazi hiyo kuliko alivyojua. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi kitu.

Tupo wanne mbali na tajiri: Koleo, mimi, seremala anayetengeneza fremu, na Mama Cherehani anayeshona mifuko ya mito. Kila mtu ana kazi yake asubuhi. Kazi isiyo na mwenyewe ni ya kubandika sponji, na hiyo hufanywa mchana, baada ya chakula mpaka kufunga. Hufanywa katika chumba cha gundi, nyuma, chumba kisicho na dirisha, kwa sababu vumbi la randa likishika gundi mbichi sponji haikamatani tena. Mlango unafungwa, na unabaki humo na harufu inayokata koo kama wembe.

Nani aingie? Tajiri alisema tupangane wenyewe. Koleo akaleta karata. Siku ya kwanza ya kazi ya kila mwezi, saa ya chakula, tunakaa kuzunguka kochi lisilovalishwa. Kila mtu anahesabiwa misumari ishirini. Unapewa karata tatu. Jozi inashinda karata moja moja, tatu za aina moja zinashinda jozi. Ukitaka kuendelea unaweka misumari, mwenzako akiongeza nawe unaongeza, au unatupa karata zako na kupoteza ulichoweka, au msumari mmoja kama hukuweka kitu. Wa kwanza kuishiwa misumari ndiye wa gundi mwezi mzima.

Kuna mwaka niliishiwa mimi miezi sita mfululizo.

Nilianza kukohoa mwezi wa tatu. Mwezi wa sita mke wangu alinipeleka kwa daktari. Daktari alinisikiliza mgongo, akaniuliza nafanya kazi gani, akasema, "Baba, ukiendelea kuvuta hiyo gundi, mwakani utapumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni kwako."

"Kesho umwambie tajiri," mke wangu akasema tukiwa njiani.

"Nitamwambia."

Kesho yake nilisimama mlangoni kwa tajiri. Akainua kichwa. Nikamwuliza kama uzi mweusi umefika. Akasema umefika. Nikashukuru, nikaenda kwenye gundi.

Ilikuwa katika wiki hiyo, nikiwa nimefungiwa humo, ndipo nilipomsikia Koleo upande wa pili wa ukuta wa ubao akimsimulia dereva wa pikapu anayepeleka makochi kwa wateja.

"Unawezaje kushinda kila mwezi?" dereva aliuliza.

"Kwa sababu sichezi karata, nacheza watu. Seremala ana hasira. Namtukania randa yake, anaweka misumari kumi juu ya takataka. Mama Cherehani hatupi karata hata umchome sindano, lazima aone mwisho wake. Huyo simdanganyi, nangoja nipate karata nzuri ndiyo nimkaribishe."

"Na shemeji yako?"

Koleo akacheka. "Bi harusi? Kwake hata karata sihitaji. Namkazia macho tu. Anainamisha uso, anatupa. Juzi katupa jozi ya wafalme, mimi sina hata jozi ya viatu!"

Dereva alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nakohoa tayari.

Sikutoka. Nilibaki na brashi mkononi, gundi ikinidondokea kwenye kiatu. Nilijua ananidharau, hilo halikuwa jipya. Kilichoniuma ni kujua kwamba kifua changu kilikuwa kinakwisha kwa sababu ya macho ya mtu, macho tu.

Mwezi mzima nilimtazama. Nasema nilimtazama, lakini mwenye haya hatazami macho. Anatazama mikono, kola, vifungo, viatu. Mimi namjua kila mtu wa karakana ile kuanzia kidevuni kwenda chini. Na kidevu cha Koleo kiko karibu na shavu lake. Niligundua kwamba anapokuwa na kochi mbele yake, kabla hajapiga, ulimi unausukuma msumari na shavu la kushoto linavimba kidogo, kama mtu mwenye pipi. Hilo tunafanya sote. Lakini Koleo lilikuwa linamvimba hata mdomo ukiwa mtupu, wakati wowote aliposhika kitu alichokuwa na hakika nacho. Alipompa mteja bei akijua atakubali, shavu lilivimba. Alipomdanganya tajiri kwamba kitambaa kilifika kikiwa kimechanika, shavu lilitulia kama ukuta.

Siku ya mchezo nilikaa. Nikachukua misumari mitano katika ishirini yangu nikaitia mdomoni.

"Haya, bi harusi anameza mtaji!" Koleo akasema.

Nilitikisa kichwa tu. Sababu yangu ilikuwa moja: asinilazimishe kujibu.

"Inua uso basi tukuone. Au mpaka tutoe mahari?"

"Mwache mwenzio acheze," Mama Cherehani akasema.

"Mama, wewe shona. Hapa ni kwa wanaojua kutupa."

Tukacheza. Kwa Mama Cherehani nilifanya kama Koleo alivyosema, kwa kuwa alisema kweli: sikumdanganya. Kwa seremala nilikaa kando nikawaacha wavurugane. Koleo akamwambia kwamba fremu zake zinayumba kama meno ya mtoto wa miaka sita, seremala akaweka misumari tisa kwa hasira, akapoteza yote. Ikaja zamu yetu wawili. Nilikuwa na jozi ya wafalme, tena. Koleo akaweka minne, akanikazia macho. Niliyahisi kwenye paji la uso kama jua. Nikatazama shavu. Lilivimba.

Nikatupa.

"Si nilisema!" akapiga paja, na kwa majivuno akafunua karata zake, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Tisa zote tatu. "Leo nilikuwa nazo kweli, shemeji! Afadhali umekimbia!"

Hapo ndipo nilipokuwa na hakika.

Nikangoja. Nilitupa mara tatu zaidi, akazidi kufurahi, akawa anatupiga wote kwa kasi ya mtu anayewahi mvua. Lakini Mama Cherehani akampata kwa jozi ya malkia, seremala naye akajikomboa, na Koleo akabaki na misumari kumi na miwili. Mimi nilikuwa na kumi na mitatu, ukihesabu ile ya mdomoni.

Nikapewa karata. Jozi ya karata za nne, na mbili moja. Jozi ndogo sana. Seremala akatupa, na Mama Cherehani naye akatupa kwa mara ya kwanza, atutazame sisi wawili. Koleo akaweka misumari sita kwa pamoja, akaegemea mbele mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake.

"Nitazame, bi harusi."

Nikatazama shavu. Ukuta.

Nikaweka sita.

 Koleo akasogeza misumari yake yote iliyobaki, polepole. "Ukiweka hiyo, ujue unaenda gundi mwezi wa saba. Dada yangu atakuuguza mpaka achoke. Fikiria."

 Shavu halikusogea. Nikasukuma mmoja kati ya miwili iliyobaki mbele yangu, kisha nikatoa ile mitano mdomoni, mmoja mmoja kwa ulimi, kichwa mbele, kama alivyonifundisha, nikaiweka juu ya yake ikiwa na mate.

Alikuwa na mfalme, nane na tano. Hakuna jozi.

Seremala aliruka. "Bi harusi kafunua shela! Jamani, kafunua shela!"

"Kanifanyia ujanja," Koleo akasema. "Umeona wapi mtu anacheza na misumari mdomoni?"

"Ukiishiwa umeishiwa," Mama Cherehani akamwambia. "Aproni iko nyuma ya mlango."

Mchana huo nilikaa kwenye kazi ya nje nikamsikiliza akikohoa nyuma ya ubao. Sikumwonea huruma. Nilivalisha kochi la watu watatu bila kukosea msumari hata mmoja, na nyumbani nilikula sahani mbili. Mke wangu akaniuliza nani kaingia. Nikamwambia. Akasema, "Atajua mwenyewe."

Alijua siku ya tatu. Tulisikia nyundo na patasi. Seremala akainua kichwa: "Patasi yangu hiyo!" Tulipofika, Koleo alikuwa ameshatoboa ukuta wa nyuma, upande wa kichochoro, mbali na vumbi la randa, tundu la ukubwa wa mto wa kochi.

Tajiri akaja mbio. "Nani kakuruhusu kuvunja ukuta wangu?"

"Pua yangu," Koleo akasema bila kugeuka.

Tajiri alifoka. Alisema atamfukuza, atamkata mshahara, atamfanya hivi na vile. Koleo akaendelea kutengeneza fremu ndogo, akaivalisha kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi, akaipigilia kwenye tundu. Upepo ukaingia. Tajiri akavuta pumzi, akaitazama fremu, akaondoka akinung'unika. Ndiyo ikawa basi.

Kisha Koleo akanigeukia mbele ya wote.

"Shemeji, miezi sita umekaa humu. Patasi ilikuwa imeota miguu?"

Sikuwa na misumari mdomoni, lakini sikujibu.

Mwezi uliofuata karata zilichezwa kwa mzaha. Hakuna aliyeogopa tena chumba cha gundi, kwa hiyo hakuna aliyejali. Koleo hakunikazia macho hata mara moja, alikuwa anapiga soga na seremala. Shavu lilivimba, likatulia, na mimi nililisoma lote kama kitabu, bila faida. Nikapata karata mbaya tu, nikaishiwa.

Kifua sasa kimepona. Daktari ameridhika, mke wangu ameridhika, na kila Koleo akija kula kwetu anasimulia habari za tundu lake. Simulizi hiyo haina karata hata moja.

Mchana wa kwanza niliporudi kwenye gundi niliisogelea ile fremu yake, nikaikagua msumari kwa msumari, nikitafuta kosa. Ni kazi safi, siwezi kusema uongo. Lakini chini, kona ya kulia, mmoja umekaa upande. Sikumwambia mtu, wala sikuunyoosha. Nimeuacha hapo niuone kila siku.