Jiko la kujifukiza chumbani kwa mama, na muda niliosimama mlangoni

Wakuu, salamu kutoka huku milimani, upande wa Masimba, ambako mwezi wa saba jua linachungulia kidogo tu na kurudi zake.

Ninachosimulia kimenipata mimi mwenyewe, sijakitoa kwa jirani. Chumvi sitaongeza. Kuna sehemu najiaibisha na nitaiacha hivyo hivyo.

Nimeona humu nyuzi nyingi za watu kupeana mapishi ya kujifukiza wakati wa mafua. Majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi, maganda ya limau. Sina ugomvi na hayo. Mimi nimelelewa kwa huo mvuke. Mtoto wa Kisii au Nyamira ambaye hajawahi kufunikwa blanketi, sufuria ya majani chini ya pua, analia anataka kutoka na mama anamwambia ngoja kidogo, huyo sijamwona bado.

Shida yangu haikuwa majani.

Ilikuwa Jumamosi. Sisi ni Waadventista, na mama yangu ni shemasi kanisani. Siku ya Sabato moto hauwashwi kwake. Chakula kinapikwa Ijumaa, chai inakaa kwenye thamosi, na jikoni kunakuwa kimya mpaka jua litue.

Wiki hiyo mvua ilikuwa haikatiki. Binti yangu Kemunto, wa miaka mitatu, alikuwa amezibwa pua mpaka analala mdomo wazi. Mama naye alikuwa amekauka sauti. Wote wawili wakabaki nyumbani. Mke wangu Moraa akaenda kanisani kwa sababu kwaya yao ilikuwa inaimba.

Mimi pia nilibaki, na sikuwa naumwa popote. Kanisani mimi ni mtu wa harusi na matanga. Mnisamehe.

Baba alitutoka miaka kadhaa iliyopita, kwa hivyo mama anaishi peke yake katika nyumba kubwa. Yangu iko hapo hapo bomani, hatua chache tu. Mtu akikohoa kule nasikia.

Kama saa tano hivi mama akaniita. Huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la babake.

"Baba, nenda unikatie majani ya mkaratusi pale mpakani. Huyu mtoto hapumui vizuri."

"Na moto, mama? Leo?"

"Mungu anaona kuna mgonjwa." Halafu akashusha sauti. "Lakini usiwashie pale mbele. Watu wakitoka kanisani wanapita hapa, na sitaki shemasi aonekane na moshi siku ya Sabato."

Nikacheka kidogo. Nikawashia jiko la makaa nyuma ya nyumba, nikangoja makaa yashike vizuri, yawe mekundu bila moshi, nikabandika sufuria. Majani yalipochemka harufu ilijaa boma lote. Ile harufu ukiivuta tu unahisi umeshaanza kupona.

"Niwaletee sufuria?" nikauliza.

"Leta na jiko. Maji yakipoa mtoto hatatulia tena."

Nikabeba jiko na sufuria yake mpaka mlango wa chumba chake cha kulala. Nikaviweka chini pale. Sikuingia.

Wasio wa huku niwaeleze kidogo. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima pamoja na haya, vyote viwili. Kijana akishatahiriwa, chumba wanacholala wazazi wake haingii tena. Hata baba akiwa amekufa. Hata akitumwa. Mimi nilitahiriwa nikiwa darasa la tano, na tangu hapo sikuwahi kuvuka kizingiti kile. Sikuwa najua hata kitanda cha mama kimeelekea wapi.

Kwa hivyo mama mwenyewe ndiye aliyelishika jiko kwa leso na kulivuta ndani. Mlango ukafungwa. Nikasikia dirisha nalo likifungwa. Nikasema moyoni ni sawa, mvuke usitoroke.

Sikujua kwamba alikuwa ameichukua ile leso akazibia nafasi ya chini ya mlango ili harufu isitoke.

Baada ya nusu saa hivi nikapita sebuleni kuwajulia hali.

"Mnaendeleaje?"

"Mtoto ametulia," mama akasema kutoka ndani. Alisema polepole. "Mimi kichwa ndicho kinanigonga. Nafikiri ni mafua yanatoka."

Na mimi, mtu mzima mwenye diploma, nikamjibu hivi: "Vumilia kidogo mama, dawa inafanya kazi."

Hayo maneno nimeyasikia kichwani kila siku tangu siku hiyo.

Nikarudi kwangu. Nikajitupa kwenye kochi na simu, nikabishana na watu nisiowajua kuhusu mpira. Kemunto alikuwa akikohoa tangu asubuhi, na sasa kikohozi hakikuwa kikisikika. Nikafurahi. Nikaona mkaratusi ni kiboko.

Sijui nilikaa muda gani. Kilichonishtua ni kwamba saa saba ilikuwa imepita na mama hajaniita niondoe jiko. Yeye ndiye alikuwa na wasiwasi wa watu wa kanisani. Halafu nikamfikiria Kemunto. Yule mtoto huwezi kumfunika hata na taulo dakika mbili bila kelele. Ametuliaje muda wote huo?

Nikaenda. Nilianza kwa kutembea, nikajikuta nakimbia.

"Mama."

Nikasogeza sikio mlangoni.

"Mama, mmelala? Kemunto?"

Nikabisha. Nikabisha tena kwa ngumi. Ndani hakukuwa na hata mtu anayejigeuza.

Wakuu, sasa hapa ndipo ninapojiaibisha. Sikufungua.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa na sikufungua. Nilikuwa nafikiria labda amelala, labda amevua nguo kwa sababu ya jasho la mvuke, na mimi mwanawe niingie nimwone hivyo. Nikatoka nje nikazunguka mpaka dirishani. Limefungwa, pazia limevutwa. Nikagonga kioo. Nikarudi mlangoni. Nikatoka tena kuangalia barabarani kama Moraa anakuja, yeye au mwanamke yeyote, aingie badala yangu. Barabara ilikuwa tupu. Nikarudi mlangoni tena nikaita.

Mwanangu yuko ndani na mimi natafuta mtu wa kunifungulia mlango usio na kufuli.

Mwisho nikasema kwa sauti, "Mama nisamehe," nikasukuma.

Leso iliushikilia mlango kidogo kisha ukaachia. Moshi hakuna. Nataka mlisome vizuri hilo. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Kulikuwa na joto na ile harufu nzuri ya majani, basi. Jiko lilikuwa linawaka taratibu katikati ya chumba, na maji kwenye sufuria yalikuwa yamekaribia kukauka.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kitandani, kichwa kimeanguka kifuani. Kemunto alikuwa mapajani mwake chini ya blanketi. Nilimwinua akalegea mikononi kama nguo iliyoloa.

Nikakimbia naye nje, nikamlaza kwenye nyasi kwenye manyunyu. Nikarudi kwa mama. Kumvuta mpaka nje sijui niliwezaje. Kemunto akatapika, halafu akalia. Sijawahi kupenda kilio cha mtoto hivyo.

Mama hakuamka. Alikuwa anapumua lakini haamki.

Ndipo watu wa kanisani wakatokea kwenye kona ya barabara, na Biblia zao na miavuli. Moraa alituona kutoka barabarani, akaangusha mkoba, akaruka mtaro.

"Baba Kemunto, umewafanya nini?"

Wale wale watu ambao mama alikuwa anawaficha harufu ya jiko ndio waliombeba. Mzee mmoja wa kanisa akageuza gari lake, wanawake wakawapandisha wote wawili. Hakuna aliyeuliza nani amewasha moto siku ya Sabato.

Kwenye kituo cha afya waliwekewa oksijeni, kisha wakahamishiwa hospitali kubwa ya mjini. Daktari aliniambia makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu ambayo haionekani na haina harufu. Kichwa kuuma na usingizi mzito ndiyo dalili zake. Sisi tulidhani ni mafua yanatoka.

Akaniuliza walikaa muda gani ndani. Nikamwambia. Ule muda niliosimama mlangoni sikuutaja.

Kemunto alipona haraka. Mama alikaa wiki kadhaa akisahau majina ya watu, hata kwenye maombi anakwama katikati. Sasa yuko sawa, namshukuru Mungu.

Kwa hivyo jifukizeni, sikatazi. Chemsheni majani huko jikoni, muepue, jiko libaki nje, mlete sufuria peke yake na dirisha liwe wazi. Maji yakipoa yachemsheni tena. Mtoto mdogo msimweke kabisa juu ya maji ya moto, sisi hatukujua hata hilo. Na mtu akilalamika kichwa karibu na makaa, msimwambie avumilie. Mtoeni.

Nilidhani mama hakumbuki kitu cha siku ile, na hatukuwahi kuzungumza kuhusu mimi kuingia chumbani kwake. Ni haya, mnajua. Lakini Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa barazani, anachambua maharagwe, akasema bila kuniangalia.

"Nilikusikia siku ile."

"Ulisikia nini, mama?"

"Ukiniita. Nilikusikia ukienda, nikakusikia ukirudi. Nilitaka kukwambia ingia baba, mdomo ukakataa."

Akaendelea kuchambua. Mimi nikainamia ungo nikajifanya naona changarawe.

"Siku nyingine usingoje niseme," akaniambia.

Basi, wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye kunitukana anitukane, nitasoma yote. Ila kama na wewe umewahi kusimama kwenye mlango kama ule, niambie ulisimama muda gani. Mimi wangu sijathubutu kuuhesabu.