Kisanduku cha Mwidani

"Muongo wewe! Si wewe uliyesema umeme hukaa tumboni kama uji?"

"Ulikuwa mzaha, shoga," nikamjibu.

"Mzaha wako umenifungia mlango. Leo chungu cha nne, siku ya nne ya Ramadhani, hakuna hata mmoja aliyekuja kunizungushia."

Mwidani alikuwa kalala kifudifudi mkekani, kwake Likoni; Uhuru ulikuwa bado. Tangu ujana alishona makuti, kainama kutwa, hata mgongo ukamkatalia. Maumivu yakishuka mguuni, kusimama kuswali hawezi. Alikunywa kila mzizi, hola, haukumfaa. Ndipo Kioko, fundi wa simu aliyepanga chumba kwake, akamtengenezea kisanduku kwa simu kuukuu: mpini wa kuzungusha, nyaya mbili, na vijiko viwili vilivyoviringwa vitambaa vibichi. Vijiko hubanwa mgongoni, mpini ukazungushwa, umeme ukatambaa kama siafu, na maumivu yakanyamaza hadi alasiri. Wallahi, siku moja nilizungusha kwa nguvu, jogoo wa jirani yetu Dhahabu akawika nyumba ya tatu!

Lakini mikono ya Mwidani hushika vijiko. Mpini wataka mtu wa pili. Kioko alipohamishiwa Voi, Mwidani, asiye na mume wala mtoto, akawa aita wapita njia. Wakiingia, wakizungusha, wakikaa kidogo kuzungumza. Kisha mimi, kisimani, nikazua kuwa umeme hubatilisha saumu, na azungushaye hubeba nusu ya dhambi. Watu walicheka. Kesho yake wakapita upande wa pili wa njia.

Nikashika mpini. "Haya, nikuzungushie mie."

"Usithubutu! Na ikiwa kweli yabatilisha? Nimemwita Maalim Mwinyihaji aje aseme mwenyewe."

"Akisema yabatilisha?"



"Maumivu nimeyazoea," akasema. "Jana nilivibana vijiko mgongoni peke yangu. Nikavishikilia tu, nasikiliza nyayo za watu njiani."

 Nilitaka kumwambia kwamba umeme uwe halali, uwe haramu, nitakuja kila siku, hata ikiwa ni kukaa tu—

"Hodi humu ndani!"

Mwidani akavuta leso akajifunika hadi shingoni. "Karibu, Maalim," akajibu.

Maalim Mwinyihaji akavua viatu, akaingia. Nikautoa mkono wangu kwenye mpini, nikabaki nimeketi papo hapo kando ya Mwidani.