Mawe ya Volkano Hayali Tairi Upande Mumoja

Siku yangu ya kwanza katika garaji ya Ndosho sikupewa hata ufunguo mmoja wa kufungua na kukaza buloni. Patron wangu, Muzee Bahati, alinipeleka mbele ya gari, akaniambia nifunge macho na kupitisha kiganja juu ya tairi: kwanza kuelekea ndani, kisha kurudi nje.

"Unasikia nini?"

"Kwenda ni laini, muzee. Kurudi inakwaruza kama musumeno."

"Basi gari imekuambia ugonjwa yake, na bado hujafungua hata buloni moja."

Meno yale ya musumeno yanatoka kwenye paralelisme, yaani namna magurudumu mawili ya mbele yanavyotazama njia. Yakielekeana kwa mbele, tairi linaburuzwa pembeni siku nzima mpaka linachongeka. Lakini tairi likiisha upande wa ndani tu, laini bila meno, hapo gurudumu limeinama, na paralelisme peke yake haitaliinua. Shule ya msingi sikuimaliza, lakini haya ninayajua kuliko wenye diploma niliofanya nao kazi.

Miaka tisa baadaye nilihamia garaji kubwa ya njia ya Kibati. Shefu wa atelie, mukubwa wa mafundi wote, alikuwa Lukogo. Ninaliandika jina lake wazi. Alikuwa na jibu moja kwa kila tairi lililoliwa: "Ni mawe ya volkano. Nani anaishi Goma bila mawe?" Wateja wanacheka, wanaondoka.

Ndipo likaletwa basi dogo la Mama Kavira, muuza maharage, lililogongwa ubavuni na lori. Nilivuta uzi kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya lile la nyuma, kulia, kisha kushoto. Kushoto palipungua vidole viwili. Shasi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari, ilikuwa imepinda.

"Shefu, hii inaomba kunyoosha shasi kwanza."

"Weye unapima gari na uzi ya fundi nguo? Unataka kuishonea suruali?"

Wenzangu walicheka. Yeye akainama, akapima mwenyewe. Naye alikuta vidole viwili vilevile. Kisha akasema, "Regle paralelisme mpaka volan inyooke. Halafu wapake rangi."

Nilirekebisha paralelisme, shasi nikaiacha. Hilo ni langu, silikatai.

Usukani ulinyooka, gari likaondoka. Baada ya majuma machache lilirudi, tairi la mbele la kushoto limeliwa kwa ndani. Kwa nje lilionekana jipya kabisa. Nikamwambia dereva, Justin, asitoke nalo. Lukogo akaja: "Ni mawe. Kama unaogopa, panda naye mpaka Bunagana, ukasikilize." Justin alikuwa na abiria tayari. Nikapanda.

Tulipita Kibati kidogo tu, tairi likapasuka, basi likapinduka. Justin alikufa palepale; abiria walipona. Mimi kiuno kilivunjika.

Nikiwa bado kitandani hospitalini, Lukogo aliieleza familia ya Justin kwamba fundi, yaani mimi, hakukaza gurudumu vizuri. Nilitoka pale kwa magongo, naitwa muuaji. Baba yake Justin, Papa Musafiri, dereva wa zamani, aliita kikao nyumbani kwake, mimi na Lukogo tukiwamo. Niliomba matairi mawili ya basi lile: moja la nyuma, na lile lililopasuka.

"Papa, pitisha mukono."

Alianza na la nyuma. Lilikuwa limechanika kila mahali, katikati na pembeni. "Hii ni mawe," akasema. Akashika la mbele. Nje kashata, vile vinundu vya mpira vinavyoshika njia, zilisimama bado. Ndani, nyuzi za chuma zilimchoma vidole. Kisha akageuka.

"Shefu Lukogo, mawe ya kwetu ilijifunza lini kuchagua upande?"

Lukogo alichukua koti lake akatoka. Samahani hakuomba. Hata leo anaitwa shefu, garaji ingine. Papa Musafiri alinishika mabega mbele ya familia yote, akasema, "Huyu ni fundi. Asiitwe tena jina lingine hapa."

Kiuno hakikunirudisha kazini. Lakini kazi niliijua, na iliniokoa jina. Nyinyi mafundi vijana mna mashine za kupima zenye taa, ni vizuri. Gari likitoka kwenye ajali, pimeni shasi kabla ya kugusa paralelisme. Na mukubwa akisema lipakwe rangi tu, mukatalieni. Mimi sikumukatalia.

Wanaoniona nikichechemea njiani huniuliza ni vita gani ilinifanya hivi. Ninawajibu si vita. Ni vidole viwili vya shasi, na Lukogo aliyevipima.