Mbio Zangu Ndani ya Kaseti

Mwalimu wetu wa michezo alinipa wiki moja. Timu ya wilaya ilikuwa imebakiza nafasi moja ya mbio ndefu za wasichana, na mimi, alivyosema, pumzi ninazo ila kasi hajaiona. Aliniuliza kama ninayo. Nikajibu ninayo, bila kujua iko wapi.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba nikiikosa nafasi ile ningeacha kukimbia kabisa. Sababu ilikuwa baba. Tangu nianze mazoezi hakuwahi kunikataza wala kunitia moyo, na kila nilipopita mbele ya benchi la muuza kahawa, pale alipokaa na wazee wenzake baada ya sala ya alasiri, aligeuza uso. Niliamini ananionea haya. Kukimbia huku baba yako amekupa kisogo kunachosha kuliko mlima wowote.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi baiskeli hapo kwetu Mtopanga. Hakujua kufariji, alijua kufungua kitu aone kimeharibika wapi. Jumamosi ile alifunga redio kaseti ya nyumbani kwenye keria kwa kipande cha tyubu, akatia betri tulizokuwa tumezianika juani tangu asubuhi, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kunifuata nyuma. Kila nilipopita nguzo ya stima alitaja nambari yake kwa sauti. Nguzo zilikuwa zimeachana sawasawa, kwa hivyo tukisikiliza baadaye na kuhesabu sekunde kutoka nambari hadi nambari, tungejua nilikaza wapi na kulegea wapi.

Jumapili alasiri tukaketi uani, yeye na saa yake ya mkononi, mimi na daftari. Kanda ilipoanza nilicheka mpaka machozi. Nguzo ya tatu, mama mmoja aliyeuza mbaazi kibarazani. "Shikamoo," sauti yangu ikasema. "Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo?" Hajambo. "Na bibi, ule mguu wampa nafuu?" Wampa nafuu, alhamdulillahi. Nguzo ya saba, mzee mwenye mbuzi, maswali yaleyale, na habari za mbuzi juu yake. Ndipo nikaelewa kasi yangu inakokwenda. Mtoto wa kwetu hampiti mtu mzima kama gari, na mimi nilikuwa nimekimbia masafa yote yale nikitoa hali ya ukoo mzima.

"Wewe hukimbii," kaka akasema. "Wewe watembelea watu."

Lakini kutoka nguzo ya kumi na nne hadi ya ishirini mambo yalibadilika. Sekunde zilipungua, zikapungua tena, na kaka kwenye kanda alisikika akihema juu ya baiskeli akinifukuzia. Tulirudisha kanda tukahesabu upya, tukidhani saa imetudanganya. Haikuwa imetudanganya. Kasi aliyoitaka mwalimu ilikuwa pale, vipande sita mfululizo. Tukajiuliza kwa nini pale, maana hapakuwa na mteremko. Nguzo ya kumi na nne ilisimama kando ya benchi la muuza kahawa, penye wazee wengi kuliko popote njiani, na kutoka hapo hadi ya ishirini hapakuwa na kibaraza kingine. Nilikumbuka kwamba siku ile nilipunguza mwendo nikawaamkia, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilidhani wamezama kwenye mazungumzo yao.

Mara ya tatu kaka aliongeza sauti. Chini ya kelele zake za "kumi na nne" kulikuwa na sauti nyingine, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika mbali.

"Mwacheni apite. Salamu zake nishazipokea mimi."

Ilikuwa sauti ya baba. Kaka akazima, akaniangalia, kisha akairudisha bila kuambiwa. Tulikuwa tunaisikiliza tena wakati baba mwenyewe alipoingia uani kutoka msikitini. Alisimama, akasikia maneno yake yakitoka kwenye redio, na uso akaugeuza vilevile alivyougeuza kila siku kule benchini. Safari hii nilikuwa karibu, nikauona. Haikuwa haya. Alikuwa anaficha tabasamu.

"Zimani hiyo redio," akasema. "Betri zaisha."

Alhamisi yake nilikimbia mbele ya mwalimu kwenye uwanja wa shule, ambako hapakuwa na mtu wa kuamkiwa. Nilianza kukaza mapema, maana sasa nilijua mwili wangu unaweza kushika mwendo ule muda gani. Nafasi nikaipata. Nimeshukuru mengi maishani, lakini shukrani ile hata leo nakosa pa kuiweka yote.

Jioni nilimkuta baba mlangoni. Nilisimama nikamwamkia, kisha nikaendelea: shikamoo ya muuza kahawa, shikamoo ya mzee mwenye mbuzi, ya kila mtu wa lile benchi, mmoja mmoja, pamoja na hali ya mama na mguu wa bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Marahaba," akasema. "Zangu nimepokea. Zao nishawapa kitambo."